Polishi Haitunzi Rangi ya Gari, Huila

Asubuhi na mapema, katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, mlinzi au dereva huchukua kitambaa kikavu akalifuta gari la mwenye nyumba. Huanza na boneti, hupanda kwenye paa, kisha hushuka milangoni. Vumbi la usiku linaondoka, gari linang'aa, na bosi akitoka anaridhika kwamba mali yake inatunzwa. Miezi inapita. Siku moja jua la saa saba linapiga kwenye boneti, naye anaona ndani ya rangi miduara myembamba isiyohesabika imelizunguka lile jua. Anakwenda kwa fundi. Fundi anamwambia rangi imechoka, inataka polishi na waksi. Analipa, gari linarudi kama limetoka kiwandani, na kesho yake alfajiri kitambaa kikavu kinaendelea na kazi yake.

Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba wengi hawalioni kama jambo. Imani iliyo nyuma yake inasema mikwaruzo ile huletwa na barabara na jua, polishi huilisha rangi, na mtu anayelijali gari lake hulipeleka likapigwe polishi mara kwa mara. Mimi nasema imani hiyo imegeuza mambo juu chini. Mikwaruzo ile karibu yote huletwa na mkono unaosafisha. Polishi haiilishi rangi. Huipunguza unene, na unene huo haurudi. Kwa hiyo anayelipiga gari polishi kila baada ya miezi michache, huku kuoshwa kwake kukibaki kulekule, anaisogeza karibu siku ambayo rangi itaanza kubabuka paani.

Nianze na barabara, maana ndiyo inayosingiziwa zaidi. Ni kweli barabara huacha alama, lakini si hizi. Kokoto inayorushwa na lori la mbele huacha tundu dogo kwenye boneti au kwenye bampa. Vichaka vya njia ya shamba huacha mistari mirefu ubavuni. Bodaboda anayejipenyeza kwenye foleni huacha mchubuko mlangoni au hung'oa kioo cha pembeni. Kila alama ya aina hiyo ina mahali pake na upande iliotokea. Mikwaruzo ninayoizungumza imeenea gari zima, mpaka katikati ya paa, mahali ambapo kokoto haifiki wala bodaboda hapiti. Jua nalo hupausha, hukausha, hupasua, halichori mistari. Kitu kimoja tu hufika kila sehemu ya gari hilo, tena kila siku, nacho ni kitambaa.

Hapo huibuka dhana nyingine, nayo imewakamata hata mafundi wenye uzoefu. Kwa kuwa mikwaruzo inaonekana kama miduara, wanahitimisha kwamba muoshaji alifuta kwa kuzungusha mkono, na kwamba akifuta kwa mistari iliyonyooka tatizo litakwisha. Lakini miduara ile haipo kwenye rangi. Mtu asiyeamini aliendee gari lake usiku akiwa na tochi ya simu, amulike boneti, aitazame miduara ilivyoizunguka taa, kisha aisogeze taa kidogo upande wa pili. Miduara yote itahama pamoja na taa. Kama ingekuwa imechorwa na mkono wa mtu, ingebaki ilipo.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye rangi kuna maelfu ya mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande bila mpangilio. Kila mkwaruzo ni mtaro mwembamba sana, na kingo zake huurudisha mwanga kuelekea pande zake mbili, si kufuata urefu wake. Ukisimama mahali fulani na taa ikawa mahali fulani, jicho lako hupata mwanga wa ile mikwaruzo tu iliyolala kukingama na njia ya mwanga. Iliyolala hivyo juu ya taa, chini yake, kulia na kushoto kwake, ikiunganishwa na jicho, hutoa sura ya duara. Iliyobaki ipo palepale, ila huioni. Sehemu ya chini ya sufuria ya chuma cheupe iliyosuguliwa kwa miaka huonyesha jambo hilohilo ikishikwa chini ya balbu. Kwa hiyo kufuta kwa mistari iliyonyooka hakuzuii mikwaruzo. Huilaza upande mmoja, na mwenye gari huigundua siku mwanga utakapotokea ubavuni mwake. Kinachokwaruza si njia ambayo mkono unaipita. Ni kile kilichonaswa kati ya mkono na rangi.

Na kilichonaswa ni mchanga. Vumbi la miji yetu lina chembe za kwatzi, madini ambayo katika kipimo cha ugumu alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812 yako kwenye 7, ilhali almasi iko kwenye 10. Kwatzi huchora kioo cha dirisha. Rangi ya gari ni plastiki ngumu kiasi, haina ubavu wa kushindana nayo. Lakini vumbi lililotulia juu ya rangi halidhuru chochote. Gari linaweza kukaa na vumbi la wiki nzima, likawa kichekesho mtaani, na rangi yake isipate mkwaruzo hata mmoja. Vumbi huanza kudhuru pale linapobanwa na kusukumwa. Yule mlinzi mwenye kitambaa kikavu, kwa nia njema kabisa na kwa amri ya bosi wake, ndiye anayelibana na kulisukuma, siku karibu zote za mwaka. Ningeambiwa nichague tabia moja tu ya kukomeshwa katika utunzaji wa magari yetu, nisingegusa polishi wala sabuni. Ningekomesha kufuta vumbi kavu.

Kuosha nako kuna hatari yake, ingawa ni ndogo kuliko hiyo. Muoshaji wa kando ya barabara mara nyingi ana ndoo moja, maji yake yameshakuwa ya udongo, na kitambaa kilichofuta rimu za gari lililotangulia. Sabuni ni ya unga, ya kufulia nguo, na mara nyingine haijayeyuka sawasawa. Kitambaa kikianguka chini huokotwa, hukung'utwa na kurudishwa mlangoni. Kila anachokitoa kwenye gari anakiweka ndooni, na kila anachokichota ndooni anakirudisha kwenye gari. Simlaumu yeye. Analipwa kwa gari, si kwa saa, maji anayanunua au anayabeba kutoka mbali, na mwenye gari amekaa kwenye kiti cha plastiki akimhimiza amalize haraka.

Imani ya kwamba polishi huilisha rangi haikutoka hewani; zamani ilikuwa na ukweli. Magari ya miaka mingi ya karne iliyopita yalipakwa rangi ya aina moja kuanzia chini hadi juu. Miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta rangi ya Duco, ambayo General Motors ilianza kuitumia kwenye magari yake ya Oakland, na rangi hiyo na zilizofuata zilikuwa na kawaida ya kupauka na kutoa unga juani. Dereva wa Peugeot 404 au 504, au wa Land Rover ya serikali, alipoisugua kwa polishi, unga ule uliokufa uliondoka, rangi hai ya chini ikajitokeza, na kitambaa chake kikabaki na rangi ya gari. Aliona kwa macho yake kwamba kusugua kunafufua. Tena rangi ile ilikuwa na pa kusugulia, maana rangi ilikuwemo tangu juu hadi karibu na praima. Wazee wale waliwafundisha madereva waliowafuata, nao wakawafundisha hawa wa leo. Somo lilikuwa sahihi kwa gari lile.

Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vikabadilika. Gari la leo, kwa sehemu kubwa, lina bati, kisha tabaka la kuzuia kutu linalopakwa kwa umeme ndani ya birika, kisha praima, kisha rangi yenyewe, kisha juu yake tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia. Yote hayo kwa pamoja yana unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Rangi yenyewe, ile nyekundu au bluu uliyoichagua, mara nyingi haizidi mikroni 20. Klia ina takriban 35 hadi 50. Unywele wa kichwani una karibu 70. Kila unachokifanya kwa polishi unakifanya ndani ya klia hiyo iliyo nyembamba kuliko unywele.

Klia haiko pale kwa ajili ya kung'aa tu. Ndani yake, tangu juu hadi chini, viwanda huchanganya kemikali zinazonyonya mionzi ya jua isiyoonekana, ile inayovunja rangi na kuachanisha matabaka. Kadiri klia inavyokuwa nyembamba, ndivyo mionzi mingi zaidi inavyopenya. Sisi tunaishi karibu na Ikweta. Jua letu husimama juu ya paa na boneti, si ubavuni. Ndiyo maana magari yanayobabuka mjini hubabuka paani na kwenye boneti kwanza, klia ikitoka kwa magamba meupe kama ngozi iliyoungua, huku milango ikiwa bado mizuri. Na paa na boneti ndizo sehemu ambazo mwenye gari huziangalia zaidi na fundi huzisugua zaidi. Klia ikishaanza kubabuka, hakuna polishi wala waksi itakayoishika. Inabaki kuipiga msasa sehemu nzima na kupaka upya, kazi ambayo gereji nyingi huifanyia uwanjani, vumbi likipepea.

Sasa tuangalie polishi inafanya nini. Ndani ya chupa kuna chembe ngumu, mara nyingi za oksidi ya alumini, zimechanganywa na mafuta na maji. Chembe hizo zinakata. Mkwaruzo hauzibwi, klia yote inayouzunguka ndiyo inayoshushwa mpaka usawa wake uufikie mtaro chini, na mtaro ukose kingo. Kazi ya uangalifu, kwa polishi laini na pedi ya sponji, inaweza kuondoa mikroni moja hadi tatu. Kampaundi kali kwa pedi ya manyoya ya kondoo, kwenye mashine ya kuzunguka kwa kasi iliyoshikwa na kijana aliyeanza kazi juzi, inaondoa zaidi. Piga hesabu. Klia ya mikroni 40, inayopunguzwa mikroni 3 mara mbili kwa mwaka, kwa miaka mitano imebaki 10. Mwenye gari kwa miaka yote hiyo alisifiwa kwamba anajua kutunza.

Na hesabu hiyo inaanzia pabaya zaidi kwa wengi wetu, kwa sababu gari halikuja jipya. Kenya inaruhusu gari lililotumika lisilozidi miaka minane, na huku Tanzania tunayo mengi yaliyozidi hapo. Gari letu lilipokuwa bado Japani lilioshwa, likang'arishwa, likaandaliwa kwa mnada. Anayeagiza anajua kusoma karatasi ya mnada: A1 ni mkwaruzo mdogo, U1 ni bonyeo dogo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi. Hakuna alama kwenye karatasi ile inayosema klia imebaki kiasi gani. Likifika bandarini na kuingia yadi, anayeliuza hulipiga polishi tena ili limvutie mteja, na mteja naye, wiki chache baadaye, hulipeleka kwa fundi wake.

Fundi mwenye vifaa atakwambia anacho kipima unene, atakigusisha kwenye mlango na kukusomea namba. Kifaa hicho kina faida: kitakuonyesha mlango uliopakwa puti au rangi mara ya pili. Ila vipima vya kawaida hupima matabaka yote kwa pamoja, kuanzia bati hadi juu. Mikroni 110 zinaweza kuwa praima nene na klia iliyokaribia kwisha, au praima nyembamba na klia nzima. Vipo vinavyotumia mawimbi ya sauti kutenganisha matabaka, lakini ni ghali mno na sijaona gereji ya mtaani inayovitumia. Anayesugua anasugua bila kujua kilichobaki, na kwa sababu hiyo peke yake angepaswa kusugua kidogo.

Waksi ina sifa isiyostahili na lawama isiyostahili. Wengi husema wamepaka waksi ili kuondoa mikwaruzo. Waksi haikati kitu. Ile nzuri hutoka kwenye majani ya mti wa carnauba unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Ni nta ngumu, inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za selsiasi, na ikipakwa huacha utando mwembamba kuliko mikroni moja. Inapoingia kwenye mitaro, kingo hazirudishi mwanga kama mwanzo na jicho haliuoni mkwaruzo. Baada ya wiki chache za jua na sabuni ya kufulia, nta imeondoka na mikwaruzo yote iko palepale. Hapo mwenye gari husema waksi ile ilikuwa feki. Haikuwa feki. Ilifanya kazi yake ya kukinga na kung'arisha, ila iliuzwa kwa kazi isiyo yake. Ubaya unakuja pale bidhaa za kung'arisha zenye mafuta na vijazio zinapotumiwa kuficha kazi mbovu: fundi anasugua haraka, anapaka mafuta, gari linawaka, na baada ya kuoshwa mara tatu mwenye gari anaambiwa arudi, klia ikakatwa tena.

Hata hivyo waksi inaweza kupakwa mara nyingi upendavyo bila kuipunguza rangi, nami ningependa iwe hivyo: waksi mara kwa mara, polishi kwa nadra. Kwa desturi yetu viwili hivi hutajwa kwa pumzi moja, polishi na waksi, kana kwamba ni kazi moja yenye hatua mbili, na mtu akitaka kinga ya waksi analetewa na mkato wa polishi bila kuuomba.

Siku hizi kuna seramiki ya kupaka juu ya klia, na matangazo yake yanasema ina ugumu wa 9H. Wengi husikia 9 wakafikiria iko jirani na almasi. 9H ni kipimo cha penseli: rangi inakwaruzwa kwa penseli zenye ugumu tofauti, na 9H ni miongoni mwa zile ngumu zaidi kwenye seti. Kushinda penseli si kushinda mchanga. Seramiki inakinga dhidi ya kemikali, inaachia maji na matope kirahisi, inadumu kuliko nta, na kwa hayo inaweza kustahili fedha yake. Lakini kitambaa kikavu chenye vumbi kitaichora kama kinavyoichora klia, na aliyelipa akiamini gari lake sasa halikwaruziki atakuwa mzembe kuliko alivyokuwa kabla ya kulipa.

Kuna wanaonijibu kwamba haya ni ya magari ya matajiri. Gari la kawaida lina miaka kumi na tano, rangi imeshapauka, lisipopigwa polishi litaonekana mkweche. Hoja hii ina uzito. Sisemi polishi isipigwe kamwe. Gari lililopauka na kuchorwa, klia ikiwa bado ipo, linastahili kusahihishwa mara moja na kwa uangalifu, na tofauti yake ni kubwa hata kwa asiyejua magari. Ninachokataa ni kulisahihisha huku ukiacha kinachoharibu kiendelee. Ukilipa polishi leo, na kesho mlinzi akafuta vumbi kavu, umenunua muda tu, na malipo yake ni klia. Mwenye gari la miaka kumi na tano ndiye anayepaswa kusikia hili kuliko mwenye gari jipya, kwa sababu klia yake ndiyo imebaki kidogo.

Wengine husema hatuwezi kuacha gari na vumbi. Mtu anakwenda ofisini, anakwenda harusini, na watu humpima mtu kwa gari lake. Nakubali. Basi vumbi liondolewe kwa maji. Ndoo moja ya maji ikimwagwa taratibu kuanzia paani, au mpira wa bustani bila kugusa kwa mkono, huondoa sehemu kubwa ya mchanga kabla ya kitambaa kukaribia. Maji yakiwa ya shida, gari likae na vumbi siku mbili tatu, lioshwe vizuri mara moja kwa wiki, badala ya kufutwa vibaya mara sita. Jambo la haraka ni kinyesi cha kunguru, ambao Dar es Salaam tunao wa kutosha. Hicho hakisubiri wiki. Kikikaukia juani kwenye boneti yenye joto huacha alama iliyozama. Kiloweshwe kwa kitambaa chenye maji mengi, kiachwe kilainike, kisha kiinuliwe bila kusuguliwa. Na anayetumia maji ya kisima chenye chumvi asiachie gari likaukie juani, kwa sababu madoa meupe yanayobaki ni ya madini, na wengi huyaendea kwa kampaundi ilhali mengi yake huachia kwa siki iliyozimuliwa kwa maji na kusuuzwa mara moja.

Kuosha vizuri hakuhitaji vifaa vya ajabu. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Shampuu ya magari, inayoteleza, badala ya unga wa kufulia ambao pia huondoa waksi. Maji kwanza, tena mengi, kisha povu liachwe lilainishe uchafu kabla ya kugusa. Kazi ianzie paani, na sehemu za chini ya milango ziwe za mwisho kwa kitambaa chake, kwa kuwa huko ndiko mchanga uliko. Taulo la maikrofaiba lenye nyuzi ndefu la kukaushia, likilazwa na kuinuliwa badala ya kuburuzwa. Lililoanguka chini halirudi kwenye gari siku hiyo. Gharama ya vitu hivyo vyote ni ndogo kuliko kupiga polishi gari zima mara moja, na mwenye gari anaweza kuvibeba kwenye buti, akampa muoshaji wake wa siku zote na kumwongeza kidogo kwa muda atakaoutumia. Nimeona waosha magari wakipokea vitambaa hivyo na kuvitunza kuliko wenye magari wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaoiona tofauti kila siku.

Kabla ya kukubali polishi, mjue pia rangi mliyo nayo. Kwenye kibati cha Toyota, mstari ulioandikwa C/TR, hutajwa namba ya rangi. Nyeupe ya 040, ile tuliyoizoea kwenye Land Cruiser na magari mengi ya kazi, kwa miaka mingi imepakwa bila klia. Ukiisugua, pedi hugeuka nyeupe, na mtu asiyejua huogopa kwamba rangi inatoka. Inatoka kweli, lakini ndivyo rangi ya aina hiyo ilivyo, na somo la wazee wa Peugeot linaifaa bado, ingawa nayo ina mwisho wake. Kwenye gari jeusi au la bluu lenye klia, pedi ikibeba rangi ya gari ni dalili kwamba klia imekwisha mahali hapo, na mashine izimwe hapohapo.

Na mkifika kwa fundi, msimwambie apige polishi gari zima. Mwambieni achague nusu ya boneti, aioshe, aanze na polishi laini kuliko zote alizo nazo kwenye pedi ya sponji, apite mara moja, kisha asimame. Mkwaruzo ambao ukucha unanasa ukipita juu yake ni wa kuachwa. Hauondoki bila kuimaliza klia. Kabla hamjalinganisha nusu ile na nyingine, aifute kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji ili mafuta ya polishi yaondoke, muimulike kwa tochi. Kama miduara imepungua kwa kiasi mnachoweza kuridhika nacho, mwendelee na polishi hiyohiyo laini kwa gari lote, hata kama mikwaruzo michache itabaki. Kama atasema spiriti haihitajiki, au kwamba lazima aanze na kampaundi kali kwa sababu ndivyo anavyofanya kila siku, gari bado ni lenu na funguo mnazo.